Madaftari Ishirini na Mawili ya Doto

Mnalia nini leo, nyie mliomwita mzito wa kichwa miaka hamsini?

Marehemu mama yangu alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, kwenye kota za reli, dakika ishirini baada ya kaka yake pacha, na dakika hizo babu alizishika kama hukumu, akiwaambia wageni, “Kurwa ana kichwa, doto ana makalio, kazi yake kukaa na daftari.”

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1971 hadi 1977, kaka akisinzia darasani na kufaulu, yeye akinakili kila somo mara tatu na kumpita kwa alama mbili, lakini za kaka zikaitwa akili, zake zikaitwa kukariri, na aliyepelekwa sekondari ni mwenye kichwa.

Tarehe 3 Mei 1982 aliajiriwa kufagia kituo cha pampu za maji, na kila pampu ilipofunguliwa aliweka ufagio chini akachora kwenye daftari, ugonjwa wa pampu ukurasa wa kushoto, dawa yake kulia, hata mafundi wakawa wanamwita, “Dada Daftari, hebu tuangalizie,” wanacheka, halafu wanafanya alichosema.

Aliolewa Desemba 1988 na seremala, marehemu baba, akapata mtoto mmoja mwaka 1991, ndiye huyu anayewasomea, mwenye digrii na miaka sita bila kazi, kwa hiyo habari za bidii hulipa kawaambieni wengine.

Mwaka 1996 kaka aliletwa kituoni kuwa bosi, 2009 akachukua madaftari yake yote ishirini na mawili “kuyatunza”, 2011 akatoa kitabu cha mwongozo chenye jina lake, mkampigia makofi, jiniasi! Fungueni ukurasa wa arobaini: “Pampu namba tatu usiifungue ukiwa na mtoto mgongoni.” Mjomba hajawahi kubeba hata paka.

Alianza kuugua figo Februari 2023, akafariki tarehe 14 Juni 2024, saa nne asubuhi, baada ya kuuliza tena kama madaftari yamerudi, kwani kila alipouliza mjomba alimjibu, “Kesho, doto.”

Tunawashukuru madaktari, majirani waliomfulia, na mafundi wawili wa kituo waliokuja bila kuogopa bosi. Pumzika kwa amani, mama, umekaa na daftari vya kutosha.

Nawe mjomba, hapo kiti cha mbele, kabla hatujashika koleo, simama uwaambie watu: madaftari yako wapi, na lini jina lake litaandikwa kwenye kile kitabu?