Kontena ya Khaled

Kijiwe chetu kiko mtaa wa Buyenzi, hapa Burundi, avenue ya kumi na saba, mbele ya karakana yangu ya radieta. Benchi ni siti ya nyuma ya Probox iliyokufa. Ukikaa katikati unazama, kwa hiyo katikati ilikuwa ya marehemu Khaled peke yake, sababu alikuwa mwepesi. Asubuhi Sijaona, muuza kahawa wetu, anafika na birika ya kahawa ya tangawizi bila sukari, maana sukari nayo iko safarini kama vitu vyote vya inchi hii. Siku ile tulikuwa wane. Mi, fundi. Zénon, tunamuita Kapitene, dereva wa taksi ambayo haijaonja mafuta ya essence wiki ya tatu sasa. Meli ameziona kwenye kalenda. Xavier ndiye Diplôme, karani mustaafu, mutu wa kusahihisha wenzake. Na Hamimu, tunamuita Mashine, sababu iko na mashine ya kusaga unga hapo ng'ambo ya barabara. Motere yake iliungua miezi mitano iliyopita, motere mpya iko kwenye kontena, na kontena ndiyo hatujui iko wapi. Mi nimechoka na hadithi ya kontena ile, lakini ndiyo hadithi tuliyo nayo.

Mama Marguerite akapita na beseni ya mihogo mikavu kichwani.

— Baba Hamimu, mashine inatembea lini?

— Wiki ijayo, mama.

— Na Pasaka ulisema vile vile.

— Wiki ijayo, Hamimu akarudia, akitazama ndala zake.

Mama akaenda zake kusagisha mtaa wa Cibitoke, kwa miguu, jua lote lile. Hivyo ndivyo wateja wanavyoisha, mmoja mmoja. Na mwenye nyumba alishasema: mwisho wa mwezi mashine isipolia, chumba anapewa mutu wa kuuza simu. Hamimu ana watoto saba na kazi ingine hajui.

— Mi nakwambia, Kapitene akaanza, shida iko Bahari Nyekundu. Kule wanapiga meli makombora. Donc ndiyo maana meli zote zinazunguka Afrika ya Kusini.

— Miezi mitano ya kuzunguka? Hamimu akauliza.

— Haraka haraka haina baraka.

— Kapitene, nani hapa iko na haraka?

Diplôme akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini ujue mkutano umefunguliwa.

— Shida si meli. Shida ni dola. Inchi haina dola, malori hayana mazout, kontena imekaa Dar inatungoja.

— Malori yanafika, nikasema. Jana nimeziba radieta ya moja. Imetoka Dar siku sita.

Diplôme hapendi kushindwa na mutu wa radieta.

— Lori ya nani ile? Ya wakubwa. Sisi tuko wadogo. Kule Dubai kuko kompyuta inapanga kontena kufuata ukubwa wa inchi. Amerika juu. Burundi chini kabisa. Mpaka watoe za wote ndio waione yetu.

— Ego, ndiyo! Kapitene akadaka. Na inchi zisizo na bahari wanazitia rundo moja. Yetu imeenda Bolivia. Bolivia nayo haina bahari. Asiyekuwepo na lake halipo.

— Bolivia wanasaga nini? Hamimu akauliza, pole pole.

— Mahindi. Motere yako sasa hivi inalia kule, Mashine.

Tukacheka kidogo. Hamimu hakucheka. Sijaona akamuongezea kahawa bila kuulizwa.

— Khaled angekuwa muzima, Diplôme akasema, tungeshajua zamani.

Hilo lilikuwa kweli. Kwetu wafanyabiashara wadogo wanaunganisha mizigo ndani ya kontena moja, na papiye zote za mzigo zinaandikwa jina la mutu mmoja mwenye namba ya kodi. Wetu alikuwa Khaled. Jina lake, simu yake, sinyatire yake ya kusaini. Sisi tulichangia mizigo na dua. Miezi mitatu iliyopita presha ikamuangusha kwenye sala ya alfajiri. Papiye zikabaki ndani kwake na mjane wake Saliha, na Saliha iko kwenye eda. Sasa nani kati yetu angeenda kugonga mlango wa mjane aulize habari ya kontena? Aibu. Tukasema tungoje amalize miezi yake mine na siku kumi. Kwa adabu sisi hatuna mpinzani. Hata simu ya marehemu tuliitendea adabu. Siku ya tatu ya matanga, katikati ya Yasini, ililia mara tatu ndani ya koti lake lililotundikwa ukutani. Hamimu akaikata. Mi nikamunong'oneza: izime kabisa, tumusomee mutu kwa heshima. Akaizima, akaihifadhi kwenye chumba cha mashine yake ndani ya kopo la maziwa, mpaka mjane atoke.

Ndipo akaja yule dada. Alikuwa amevaa viatu vya ofisi vilivyojaa vumbi, na bahasha kwapani. Akasema anaitwa Chanelle, ametumwa na ofisi ya transit ya mjini, wale wanaotoa mizigo bandarini, ametembea tangu sokoni akiuliza avenue kwa avenue.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, Diplôme akasema, akamupisha katikati.

Dada akakaa, akazama. Hatukuzoea kuona mutu pale.

— Muzee Khaled ni nani kati yenu?

— Ametangulia mbele ya haki, dada, Hamimu akasema. Miezi mitatu sasa.

Akafunika kalamu yake, akaikamata kwa mikono miwili.

— Poleni sana. Hatukujua. Nilileta barua ya mwisho asaini. Ni ya ile kontena yake ya Dar.

Hamimu akasimama, kahawa ikamumwagikia mguuni.

— Iko Dar? Ilifika lini?

— Miezi mitatu iliyopita. Ilifika kwa wakati wake, haikuwa na shida yoyote. Wakamungoja mwenyewe. Muda wa sheria ukapita, Jumatatu iliyopita wameiuza kwa mnada.

— Haikuzunguka Afrika ya Kusini? Kapitene akauliza, kama mutoto.

— Apana, muzee.

— Na motere? Hamimu akasema. Ndani kulikuwa na motere moja, ya rangi ya kijani, jina langu liko juu ya boksi ya karato.

— Vyote, baba. Kontena inauzwa na vyote.

Hamimu akakaa. Dada akatoa karatasi.

— Wenzetu wa Dar walimupigia siku ile ile ilipofika. Mara tatu. Mara ya tatu mutu akakata, halafu simu ikazimwa. Wakaendelea kupiga miezi miwili. Ofisi inataka niandike sababu. Nani aliizima?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mutu anayeuliza njia.

Kapitene akageukia barabara. Diplôme, aliyekuwa na jibu toka Dubai mpaka Bolivia, akachungulia ndani ya kikombe. Hamimu akanitazama mi. Hakuwa na hasira, na mi ningependa angekuwa nayo. Nikaona aibu kuliko siku zote za maisha yangu, na bado sikusema kwamba ni mi nilimuambia aizime. Yeye pia hakunitaja.

Dada akangoja, akaandika neno moja kwenye karatasi, marehemu, akatuaga kwa heshima. Hamimu akavuka barabara, akarudi na kopo la maziwa, akaliweka katikati ya siti. Hakuna aliyeligusa.

Saa sita ikafika. Mama Marguerite akarudi toka Cibitoke, unga kichwani, jasho mpaka shingoni. Safari hii hata hakusimama.

— Wiki ijayo, eh, Baba Hamimu?

Sijaona akainamisha birika juu ya kikombe cha Hamimu, yakatoka makapi ya tangawizi tupu, na mama akafika mwisho wa avenue, Hamimu bado akitazama ndala zake.