Kailemia, Mzee wa Tatu

Wewe unayemnong'oneza jirani yako kwamba Ciakuthii amechanganyikiwa na msiba, nyamaza kwanza usikie, maana yatakayosomwa hapa yalionekana na watu wenye macho, na Lennox mwenyewe ameketi pale mbele, akisikia uongo ainuke.

Marehemu Kailemia alizaliwa hapa Muthara tarehe 14 Machi 1957, akalelewa mgongoni mwa dada yake Ciakuthii, huyu anayewasomea haya, akasoma hadi darasa la saba mwaka wa 1971, kisha mwaka wa 1975 akaenda kushona nguo mjini Meru, na suti nyingine alizoshona zimekuja leo zikiwa zimewabana wenyewe.

Tarehe 10 Desemba 1983 alimwoa Ruguru wa Karurumo, wakajaliwa Kendi na Mugendi, na dada yake mdogo Celina alipofariki mwaka wa 1996, akamchukua mwanawe Lennox akiwa bado ananyonya kidole, cherehani ikamsomesha hadi chuo kikuu.

Mwaka wa 2019 alipatikana na presha, akapewa vidonge vya kila siku, na ukweli usemwe, alikuwa anavisahau. Januari mwaka huu wa 2025 Lennox akaja na utafiti wake, wazee watatu wanaosahau dawa, wa kwanza apigiwe simu kila asubuhi na kusifiwa akimeza, wengine waachwe walivyo, huyo akibadilika afuate wa pili, halafu wa tatu, ndiyo wasomi waamini ni simu iliyowabadilisha, wala si mahubiri. Kailemia akawekwa wa tatu.

Kila wiki Lennox alifika, akaangalia vidonge vilivyobaki, akanywa chai, akaenda, na nyumba nzima ikadhani hayo ndiyo matibabu. Kendi, aliye kazini Embu, alitaka kumkumbusha baba yake kwa simu, Lennox akamwambia, "Wacha, utaniharibia kazi, zamu yake inakuja," naye Kailemia, ambaye hakuwahi kumnyima kijana huyo kitu, akasema, "Kendi, muache mtoto amalize masomo."

Wazee wale wawili sasa wanameza dawa, waishi miaka mingi. Kailemia alianguka juu ya cherehani Jumanne tarehe 5 Agosti, akafariki hospitalini Meru tarehe 7, zamu yake ya kupigiwa simu ikiwa ianze Jumatatu iliyofuata. Ciakuthii alipouliza kwa nini Lennox aliona dawa zimejaa akanyamaza, alijibiwa na mpwa wake huyo, "Tata, ilibidi aachwe hivyo ndiyo tofauti ionekane." Basi imeonekana, iko ndani ya jeneza. Na msiseme alitia sahihi ya kukubali utafiti, alitia kwa sababu karatasi ililetwa na mtoto wake, ingeletwa na mgeni angeuliza maswali.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana hadi mwisho, majirani waliopika na kuchota maji, na mafundi wenzake waliomalizia nguo za wateja wake bila kuombwa.

Pumzika, Kailemia, hakuna tena wa kukupanga foleni.

Ratiba inasema anayefuata kuongea ni Lennox. Msikilizeni nyinyi. Ciakuthii anatoka, na mlango wa kanisa anaufunga.