Mwalimu Salvina wa Sabuni ya Pamba, 1942–1988

Mwalimu Salvina Lugoye alizaliwa Ushirombo tarehe 14 Machi 1942, mtoto wa pili wa Mzee Marselino Lugoye, mfuga nyuki, na mkewe Justina. Wazazi hao wote wawili wametangulia.

Alisoma shule ya misheni hapahapa Ushirombo, akaenda sekondari Tabora, kisha Chuo cha Ualimu Dar es Salaam, ambako alihitimu mwaka 1966 katika kemia na biolojia. Baba yake alipomuuliza kemia ni kitu gani, alijibu, "Baba, ni kujua nta ni nini kabla hujaiyeyusha." Mzee akasema nta ni nta, akarudi kwenye mizinga yake.

Januari 1967 alianza kufundisha sekondari mjini Shinyanga, na isipokuwa miaka miwili aliyohamishiwa Geita, hakutoka tena. Alifundisha kwa Kiingereza kama mtaala ulivyotaka, kisha akarudia kwa Kiswahili ili watu waelewe. Kuhusu alkoholi, asidi na esta alikuwa na neno lake: "Usiniambie mkia wa kaboni una urefu gani. Niambie huyu kichwani amevaa nini, maana hicho ndicho kinachofanya kazi." Somo la polima lilipofika, alilipeleka darasa zima uwanjani, akawapanga washikane mikono wawe uzi wa pamba. Kila mmoja alikuwa molekuli ndogo yenye mikono miwili, na aliyechoka akaachia aliambiwa amelichana shati la mwenzake. Wengine wenu mliopo hapa mlisimama kwenye uzi ule, na jua mnalikumbuka.

Tarehe 20 Septemba 1969 alifunga ndoa na Anatoli Kisendi, karani wa kiwanda cha kuchambua pamba. Wakajaliwa watoto wawili, Ignas na Epifania, aliyepewa jina la bibi yake mzaa baba. Jina lile halikusaidia kitu. Hapa kaburini hatutafichana: Bibi Epifania Kabula hakumtaka mkwewe. Alisema mwanamke anayeshinda na vijana wa watu na kurudi nyumbani ananuka dawa si mke, ni mgeni anayelala hapo.

Mwaka 1982 sabuni iliadimika. Wauguzi wa wodi ya wazazi walikuwa wakinawa maji matupu, na wazazi waliojifungua salama wakarudi na homa. Salvina hakuvumilia. Mafuta ya mbegu za pamba yalikuwepo, na mafuta, kwa maneno yake, ni esta inayongoja kuvunjwa. Alichukua magadi yale tunayopikia mlenda, akayachemsha na chokaa, akayaacha yatulie, akachota maji makali ya juu. Ukiyachanganya na mafuta na kuyapika, esta inavunjika, unapata sabuni na gliserini. Tabu ilikuwa chombo. Sufuria ya alumini ingeliwa na maji yale, na ndoo ya plastiki haikupatikana. Akayaweka kwenye mtungi, barazani, na mtungi ule ulifanana na wa maji ya kunywa.

Jumamosi tarehe 5 Juni, Bibi Epifania alishuka kwenye treni na neno moja: Salvina achague, ualimu au mume. Asingeacha kazi, Anatoli angerudi kijijini na watoto. Anatoli alimjua mama yake. Kwa kuhangaika kumkaribisha, akachota maji yeye mwenyewe, mtu ambaye hakujua hata chumvi inakaa wapi, akampa mkewe kata amkabidhi mgeni.

Kwetu mkwe hupiga magoti, na hampi mgeni maji asiyoyaonja. Tena asiguse kwa ulimi tu, ameze, mgeni aone. Salvina alipiga magoti, akameza, kisha akaitupa kata ukutani.

"Mnaona wenyewe," Bibi Epifania alisema. "Maji tu ananinyima."

Kisha akaona midomo ya Salvina imebabuka. Akamshika amtapishe, Salvina akauma meno na kutikisa kichwa, kwa kuwa alijua kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Akawa anaonyesha kidole ule mtungi, kisha kata, kisha mama mkwe wake. Alirudia mpaka bibi akaelewa.

Alilazwa hospitali ya Kolandoto. Bibi Epifania, aliyekuja kuchukua watoto, alibaki. Ndiye aliyemkorogea uji mwepesi na kuuchuja kwa kitambaa, maana umio ulipopona uliacha kovu, ukawa mwembamba. Januari iliyofuata Salvina alirudi darasani na sauti ya chini, na mama mkwe wake ndiye aliyembebea kikapu hadi getini. Sabuni haikukoma. Mtungi ulipakwa rangi nyekundu, na Bibi Epifania akawa mlinzi wake, hata Paroko alipokaribia aliambiwa, "Hapo siyo pako, Baba."

Kovu lile lilitanuliwa mara kadhaa hospitali ya Bugando, Mwanza. Mwaka jana madaktari walikuta uvimbe juu yake. Salvina aliwaeleza wanawe ugonjwa huo bila kupunguza neno, akaendelea kusahihisha mitihani hadi Juni. Alifariki asubuhi ya Jumanne tarehe 9 Agosti 1988, amelala mkononi mwa Bibi Epifania.

Jana wasifu huu uliposomwa mbele ya familia, paliandikwa kwamba marehemu ameacha mume, watoto wawili, na mama mkwe. Bibi Epifania alimsimamisha msomaji.

"Futa hilo neno mkwe."

Msomaji, ambaye ni Donatus, shemeji wa marehemu, akamweleza kwa adabu kwamba ndivyo wasifu unavyoandikwa, watu wajue nani ni nani.

"Mwanangu Donatus, maji yale yalikuwa yangu," alisema. "Mimi nilikuja kumfukuza. Aliyekunywa kifo changu nimwite mkwe?"

Basi tumefuta. Mwalimu Salvina ameacha mume, Anatoli. Watoto wawili, Ignas na Epifania. Na mama mmoja. Mungu amjalie pumziko jema. Udongo wa kwanza atatia mama yake.