Upande Mmoja wa Paa

Leona, zima hiyo televisheni. Na wewe Kazik, acha kuchungulia dirishani. Ziwa halijaganda bado, na theluji hii inayoletwa na mvuke wake haitakoma mpaka ligande. Kaeni hapa mnisikilize nikiwa na pumzi.

Nyumba ni yenu wote wawili. Mkikaa humu, kila asubuhi fukueni kwanza theluji kwenye bomba la moshi wa tanuru la kupashia nyumba joto, moshi usije ukarudi ndani, mlango baadaye. Hayo mnayajua. Msilolijua ni habari ya paa.

Niliwalea mkijua kwamba Orrin Peck, seremala wa kule chini barabarani, alitujengea kwa mbao mbovu, paa likaangukia jikoni likamuua mama yenu. Nikawakataza kumsalimia, mkatii miaka thelathini na moja. Watu nao wakaacha kumpa kazi, akaishia kuendesha basi la shule.

Mbao zilikuwa nzima. Siku ile theluji ilinifika kifuani. Nilipanda na koleo, nikasafisha upande wa ziwani mpaka vigae vikaonekana. Upande wa pili, uliobeba mzigo mkubwa zaidi, sikuugusa. Orrin alikuwa anapita, akaniita, "Wrobel, shusha kidogo huku, kidogo kule! Paa litapinda hilo."

Nikamwambia, "Wewe ulishalipwa, nenda ukalale."

Akacheka, akaenda. Nikashuka kwenda ghalani kupasha mikono moto. Mama yenu alikuwa jikoni anakoroga supu ya kabichi. Nilisikia mlio mmoja tu.

Sikulia siku ile, na leo pia silii, sijui kwa nini. Afisa aliyekuja kuchunguza aliniuliza nani alijenga paa, nikamtaja Orrin, maana ndivyo ilivyokuwa. Hakuniuliza nani alifukua theluji. Nikaliacha jibu langu lifanye kazi yake. Orrin alikuja mazishini, akasimama nyuma, hakumwambia mtu kwamba alinionya.

Basi Ijumaa, watu wa hapa wakikusanyika kula samaki kwenye ukumbi wa kikosi cha zimamoto, simameni mseme haya, Orrin naye akiwepo. Kazik, usiwaambie kwamba nilikuwa mgonjwa, nimechanganyikiwa. Mkimtaja Orrin, semeni Bwana Peck. Asipowajibu, msimdai jibu.

Maji, Leona. Kidogo. Basi, yatosha.

Mungu awaweke pamoja. Awape... awape usingizi. Nanyi msigombane kwa ajili yangu.

Mkisimama, msianze na mama yenu, watu watawahurumia, hawatasikia mengine. Anzeni na jina langu. Lote. Zygmunt Wrobel ndiye... semeni hivyo. Ndiye.