Alaso Hakukaidi King'ora

Marehemu Jesca Alaso, Mama Acom, alizaliwa tarehe 9 Juni 1971 katika kata ya Mella, wilaya ya Tororo. Alikuwa mtoto wa pili wa hayati mzee Odeke na hayati mama Aanyu.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini hadi darasa la saba, mwaka 1986. Huko alikabidhiwa kengele, yaani ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa mtini, na kipande cha nondo cha kuipigia. Waliosoma naye wanakumbuka kwamba hakuna aliyethubutu kuchelewa. "Kengele ikilia unakuja," alikuwa akiwaambia wakubwa kwa wadogo. "Huulizi inataka nini."

Tarehe 21 Aprili 1990 alifunga ndoa kanisani na Bwana John Eibu, wakajaliwa watoto wanne. Kazi yake ilikuwa mihogo. Aliimenya, akailoweka mtoni ndani ya magunia yaliyokandamizwa kwa mawe, akaianika, akaisaga, akawauzia wafanyabiashara waliovuka kutoka Kenya. Unga wake haukuwa na mchanga, na aliyesema unao aliambiwa akanunue kwingine.

Miaka mitatu iliyopita serikali ilimaliza kujenga bwawa la umwagiliaji kwenye mto huo, upande wa juu wa kijiji. Kanuni zinataka king'ora kilie kabla ya milango kufunguliwa, ili watu watoke mtoni. Ofisi ya bwawa ilikiweka, kisha ikakipiga siku ya uzinduzi, na baada ya hapo kila mkubwa alipokuja kupigwa picha ukingoni mwa mto. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Obbo, alitangaza kama alivyoagizwa: "Mkisikia hiyo kitu, teremkeni mbio. Wageni hawapendi kungoja."

Siku ya uzinduzi waligawa soda. Mama Acom hakuinywa yake, alimpelekea mumewe.

"Kunywa, Baba Acom. Bwawa imekusalimia."

"Iambie nimeshukuru," alisema Eibu. "Lakini siku ingine ilete ya baridi."

Hakuna ofisa aliyewahi kusimama mbele ya watu hawa na kuwaambia kwamba mlio ule una maana nyingine.

Wasifu huwa na aya ya ugonjwa. Mama Acom hakuugua. Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, baada ya mvua kubwa, alikuwa nyumbani na mteja wake Ritah, wa Malaba ya Kenya, king'ora kilipolia.

"Mama, hiyo inalilia nani tena?" Ritah aliuliza.

"Wageni." Alikuwa akifunga kitambaa kichwani. "Leo nawaambia maji yao inabeba mihogo yangu. Wewe ngoja, chai iko."

Hapakuwa na wageni. Waliokuwa nyuma yake njiani waliyaona maji yakija, wakakimbia kurudi. Yeye alikuwa ameshafika, kwa sababu hakuwahi kuchelewa. Mwili wake ulipatikana kesho yake.

Alhamisi redio ilisoma taarifa ya ofisi ya bwawa: kanuni zilifuatwa, na mwananchi mmoja "aliyekaidi onyo" alifariki. Jioni ofisa alifika nyumbani na shada la maua ya plastiki na mfuko wa sukari. Aliomba wasifu huu useme ajali tu, usitaje bwawa.

"King'ora kililia, mzee," alisema. "Sheria tulifuata."

"Ililia, ndiyo," Eibu alijibu. "Na yeye alikuja. Mlimwita, akakuja. Sasa mnamwita mkaidi? Rudisha jina ya bibi yangu vile mliikuta, ndiyo nitakula sukari yako."

Ofisa alisema angewasiliana na wakubwa wake. Sukari iliondoka naye. Shada liko nje ya ua; mbuzi wamelinusa wakaliacha.

Kwa hiyo familia inasema hapa, mbele ya watu wanaomjua: Alaso hakukaidi. Alitii, kama alivyofundishwa tangu utotoni, na kama serikali ilivyomfundisha upya kwa soda.

Ameacha mume, John Eibu. Watoto wanne, Acom, Okwi, Abbo na Elvis. Na wajukuu sita.

Waombolezaji mnaombwa jambo moja. King'ora kikilia wakati wa mazishi haya, msiteremke. Liacheni jeneza, shikeni watoto, pandeni kanisani.

Apumzike kwa amani mtu aliyeitwa, akaja.