Aliyetazama Maji Wengine Wakitazama Samaki

Marehemu alikuwa na kanuni moja ambayo hakumlegezea mtu yeyote: mwambani, mmoja akivua, mwingine anatazama maji. Na anayetazama maji hashiki fimbo, hakati chambo, wala hageuzi shingo kumwangalia samaki hata akiwa mkubwa kama mlango. Kwa kanuni hiyo alichekwa, alinuniwa, na akabandikwa jina la Trafiki, ambalo wengi mliofika leo mnalijua kuliko lile lililo kwenye vyeti vyake. Tumeanza na kanuni badala ya sifa kwa sababu yeye mwenyewe sifa hakuzipenda. Alisema zinachelewesha kazi.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, mtoto wa nne kati ya sita, katika nyumba iliyokuwa karibu na ziwa. Baba yake alikuwa karani wa stoo na mama yake mshonaji. Aliyemfundisha kuvua ni bibi yake mzaa mama, kwa mshipi uliozungushwa kwenye kopo la maziwa, ndoana moja na minyoo ya bustanini. Bibi alikuwa mkali. Mtoto akiropoka, ananyang'anywa kopo mpaka kesho. Marehemu alikuwa akisema kwamba ukimya wake wote aliuokota pale ufukoni. Kila aliyewahi kusafiri naye garini atakubali kwamba aliokota mwingi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, kisha sekondari kwa miaka minne. Hesabu alizipenda. Kwaya ilimtoa wiki ya kwanza, kwa faida ya kwaya. Mwaka 1971 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu fani ya umeme mwaka 1973. Hakuwa wa kwanza darasani na hakuwahi kudai kuwa alikuwa.

Agosti 1974 aliajiriwa na kampuni ya kutengeneza lifti katika mji wenye bandari, na huko ndiko kanuni yake ilikozaliwa. Fundi mkuu alimfundisha kwamba kwenye shimo la lifti wanakwenda wawili: mmoja anaingia kufanya kazi, mwingine anasimama kwenye swichi. Wa swichi hasomi gazeti, havuti sigara, hasogei. Miezi michache tangu aanze, marehemu aliacha swichi ili amwokotee fundi mkuu spana iliyodondoka. Mzee alipanda kutoka shimoni taratibu, akajifuta mikono.

"Umekwenda wapi?"

"Nimekuletea spana, mzee."

"Spana ningeifuata mwenyewe. Uhai wangu nilikuachia wewe."

Akamrudisha nyumbani wiki nzima. Marehemu alimshukuru mzee huyo hadi uzeeni. Vijana wa leo wangekwenda kumshtaki.

Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na minne, akastaafu mwaka 2008 akiwa yeye ndiye fundi mkuu, na hakuna fundi aliyeumia chini ya mkono wake. Meneja wa jengo moja aliwahi kumjia juu akitaka lifti iwashwe mara moja kwa kuwa ana mgeni mheshimiwa, wakati kuna fundi bado yumo shimoni. Marehemu hakupandisha sauti. "Mgeni ana ngazi," alimwambia. "Fundi wangu hana."

Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na mke wake mpendwa, aliyekuwa mwoka mikate, na wakajaliwa watoto watatu. Ndoa hiyo ilimletea pia shemeji mwenye bucha, mtu wa maneno mengi, na shemeji ndiye aliyempeleka mwambani kwa mara ya kwanza kuvua samaki wa bahari. Kulikuwa na watu watano pale, Jumamosi asubuhi, kila mmoja na fimbo yake. Mshipi wa mmoja ukavutwa, na wote wakainama kutazama chini kwa pamoja.

"Shemeji," marehemu aliuliza, "nani anatazama maji?"

"Maji yanatazamwa ya nini? Yatakimbia?"

"Hayakimbii. Yanakuja."

Walicheka sana. Jumamosi iliyofuata alikuja na filimbi ya refa shingoni, akakaa kwenye jiwe la juu, uso baharini. Aliwaeleza sheria kwa maneno machache: filimbi ikilia, acha kila kitu, panda. Watakaa zamu kwa zamu. Asiyetaka zamu atafute mwamba mwingine, na aliyekunywa pombe arudi nyumbani.

Ieleweke kwamba hakuwa mtu aliyekaa juu kwa kutojua kuvua. Alikuwa mrushaji bora kuliko wote. Chubwi yake, ile risasi ya kuzamisha mshipi, ilitua pale alipopatazama. Alipenda uvuvi kama wengine wanavyopenda mpira. Lakini wageni walipozidi kuja mwambani, wasioijua bahari, zamu za wengine aliona afadhali azishike yeye. Kuna Jumamosi nyingi ambazo fimbo yake ilirudi nyumbani bila kulowa.

Lililompata mwezi Juni 2003 familia yote inalijua, na ni haki lielezwe. Binti yake mkubwa, ambaye alikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu, alikuwa akivua naye tangu utotoni. Siku hiyo alinasa kolekole ambaye mwamba ule haukuwahi kuona mfano wake. Alipambana naye kwa muda mrefu, akamleta hadi ukingoni. Shemeji akapiga kelele, "Jamani, njooni mwone mnyama!" Wote wakashuka kutazama. Binti alipiga goti, mkono umeshafika kwenye shavu la samaki. Filimbi ikalia.

"Baba, subiri! Nimeshamshika!"

"Acha! Panda, mama, panda!"

Aliachia. Alipanda huku analia kwa hasira, na wenzake nyuma yake. Wimbi likapita juu ya mahali alipokuwa amepiga goti, likaondoka na kolekole, fimbo, ndoo ya chambo na viatu vyote viwili vya shemeji. Hakuna aliyeumia. Hakuna aliyesema asante pia. Shemeji, peku, alisema tu, "Trafiki kapuliza filimbi, na samaki katii sheria."

Njiani kurudi binti alimuuliza baba yake jambo moja.

"Lakini ulimwona?"

"Nani?"

"Samaki wangu, baba."

"Sikumwona."

"Hata mkia?"

"Nilikuwa natazama maji."

Jibu hilo ndilo lililomuuma. Kumpoteza samaki angeweza kusamehe. Lakini baba yake alikuwa hatua chache tu juu yake katika saa kubwa kuliko zote za ujana wake, na hakugeuza shingo. Binti hakukanyaga tena mwambani. Alikuja nyumbani likizo, alisalimu kwa adabu, alikula, aliondoka. Mke wa marehemu anasema mumewe alikuwa akisimama jikoni akiosha kikombe ambacho tayari ni safi. Hapa ukweli usifunikwe kwa sababu ya msiba: marehemu angeweza kumwambia mtoto "pole" bila kuikana kanuni yake, na hakusema. Kanuni haikumkataza. Alijikataza mwenyewe, na lilikuwa kosa.

Mwishoni mwa mwaka 2005, binti akiwa ameshaanza kufundisha, alipeleka darasa lake ufukoni. Watoto walimkuta kaa mkubwa kwenye mawe, wakamzunguka kwa vigelegele, wakimwita, "Mwalimu, njoo umwone! Mwalimu!" Alijikuta amewapa mgongo, amesimama, macho baharini. Jioni hiyo hakwenda kwake. Alikwenda kwa wazazi wake, na hata kukaa hakukaa.

"Baba, leo kuna kaa sikumwona."

"Kaa gani?"

"Watoto wote wamemwona. Mimi nilikuwa natazama maji."

Marehemu aliinuka, akaenda jikoni, akabandika chai kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo mke wake hakuwa ameliona tangu harusi. Ilikuwa chai mbaya, binti akainywa yote. Kisha baba akauliza, "Sasa niambie. Yule kolekole alikuwaje?"

Tangu siku hiyo alikuwa akiuliza mara kwa mara, mezani, kwenye simu, hata mbele ya wageni. Binti naye alirudi mwambani, na zamu za kutazama maji wakagawana.

Mwaka 2019 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alitibiwa katika hospitali ambayo lifti zake alizihudumia kwa miaka mingi, na akiwa kitandani aliwaambia wauguzi kwamba mlango wa lifti ya ghorofa ya tatu unalalamika. Fundi alipoitwa, kweli ulikuwa unalalamika. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wale kwa uvumilivu wao, kwa kuwa hakuwa mgonjwa mwepesi. Alitaka kujua nani yuko zamu, na aliyeketi akitazama simu alimkanya.

Siku zake za mwisho binti yake mkubwa alikuwa pembeni. Sauti ya baba ilikuwa imepungua.

"Niambie tena, mama."

"Mgongo kijani kama chupa, baba. Tumbo la fedha. Jicho kubwa, ananikodolea kana kwamba mimi ndiye niliyenaswa."

"Mkubwa?"

"Mkubwa. Nisingeweza kumbeba peke yangu."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa juu, baba. Nilishapanda."

Alitikisa kichwa kukubali. Aliaga dunia mchana wa tarehe 11 Agosti 2021, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na shemeji yake mwenye bucha, ambaye amekuja leo na viatu vipya na hana mzaha wa kusema. Filimbi iko kwa binti yake. Wote waliokuwa mwambani siku ile ya kolekole wapo hapa, wamekuja kwa miguu yao, na ni wao watakaolibeba jeneza. Tunamshukuru Mungu aliyetupa mtu wa kututazamia maji. Zamu yake imekwisha. Sasa apumzike, wengine tuko macho.

Kanuni yake ilimnyima nusu ya samaki ambao angewavua, ikamkosesha binti yake kwa zaidi ya miaka miwili, na kolekole yule hakumwona kamwe.