Pikapu ni ya Jerop

Sogeeni karibu, wanangu. Kipketer, acha kuinama kama mtu aliyefiwa, bado nipo. Jerop, niinulie mto niwaone vizuri, maana leo nataka kugawa nilicho nacho nikiwa bado na nguvu ya kucheka.

Ng'ombe wote saba ni wako, Kipketer, wewe na mkeo Chepkemei, na mahindi ya ghalani pia. Pikapu ni ya Jerop. Usinikazie macho, Kipketer! Ulikuwepo siku ile kwenye mlima wa Subukia, mwaka wa hamsini na sita.

Lakini kisa chote hamkijui. Tangu mwaka uliotangulia gari lile lilikuwa na tabia mbaya: likinguruma limesimama, limetulia, likishika mwendo, halina neno, ila ukikanyaga mafuta ghafla linasita, linakohoa, ndipo linashtuka na kwenda. Nikasema Wasike fundi ameliharibu, kwa kuwa ndiye aliyelifungua mara ya mwisho. Nilisema hivyo kanisani, mbele ya watu, hata wateja wakamkimbia. Mwaka mzima hatukusalimiana.

Basi Chepkemei akashikwa na uchungu asubuhi, tukampakia kumpeleka hospitali Nakuru. Pale kwenye kona kali, kila nikikanyaga mafuta gari linasita, mwisho likazima kabisa. Wewe Kipketer uliomba Mungu kwa sauti kumshinda mkeo aliyekuwa na uchungu. Ndiyo, chekeni. Na nani akatokea akisukuma baiskeli? Wasike. Angeweza kupita. Alimtazama Chepkemei, akailaza baiskeli nyasini, akaniambia, "Mzee Kiptanui, fungua boneti. Matusi tutayamalizia Nakuru."

Akachomoa plagi, zilikuwa safi. Akafungua bomba la petroli, ikatiririka vizuri. Ndipo akaondoa kifuniko cha kabureta, akamwambia Jerop achungulie ndani huku mimi nikikanyaga.

"Unaona petroli ikiruka?"

"Sioni kitu, fundi. Pamekauka."

Akatoa pampu ndogo ya mle ndani, ile inayorusha petroli ya ziada dereva akikanyaga. Kipande cha ngozi kinachosukuma petroli ndani yake kilikuwa kimekauka na kupasuka kama kisigino changu. Hakuna aliyekiharibu, ni uzee tu. Wasike akavua kiatu, akakata ulimi wa ngozi wa kiatu hicho, akachonga kipande cha duara. Jerop akakilowesha oili, akakirudisha mwenyewe kwa vidole vyake vyembamba. Tukaupanda mlima bila kusita hata mara moja, na mjukuu wangu akazaliwa saa nane mchana, hospitalini, kwa makelele mengi.

Nilimwomba Wasike msamaha siku hiyohiyo, akacheka, akanishika mkono. Lakini kanisani nilikomchafulia jina sikusimama kulisafisha. Niliona haya, wanangu, miaka miwili nimeona haya. Kwa hiyo Jumapili, Kipketer, simama mbele ya watu wote useme: baba yetu alimsingizia Wasike, na Wasike hana kosa. Usipunguze neno. Na siku ya kunizika, akae na ninyi, mbele, kama ndugu yangu.

Maji kidogo, Jerop... asante.

Pendaneni. Msinililie sana, nimeishi vizuri. Chepkemei, mlete mtoto... mkono wake, weka hapa... ehe, una joto. Mungu awakuze... awape afya... awape watu wa kusimama kuwasaidia njiani... Barikiweni, wanangu... barikiweni... nyote...